Nilikwenda Kuiona Bahari, Nikarudi na Mwiko

Tangu turudi, kila anayeingia hapa kwetu Queensburgh, Durban, anaanza na swali lile lile: picha za bahari ziko wapi? Juma wa Bluff ndiye kinara. Yeye anaitazama bahari kila anapofungua dirisha, lakini nilimwahidi kumpelekea picha yangu nikiwa nimesimama kwenye Atlantiki ya Ufaransa, suruali nimeikunja, maji yamenifika magotini. Badala yake amepata picha ya sufuria, ya trela la nyasi, na ya bibi wa Kifaransa aliyetengenezwa nywele akawa kama bibi harusi. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Haya, someni hadi mwisho, kisha mniache nipumzike.

Mambo ya viza, tiketi na benki nayaruka, maana nikiyakumbuka kichwa kinaniuma. Naanzia pale nilipokabidhiwa funguo.

Paris: kulia, kulia kabisa

Gari tulilokodi lilikuwa nyumba kamili: kitanda nyuma, jiko la gesi, choo, na meza ya kukunja. Mke wangu, Mama Neema, alivua viatu mlangoni, akaniangalia mpaka na mimi nikavua vyangu. Nikaendesha na soksi mpaka nje ya mji.

Mnanijua. Mimi mtu wa Tanga, lakini maisha yangu ya hapa Durban yote nimekuwa nikivuta makontena bandarini, na hakuna gari linalonitisha. Kule lakini wanapita kulia, usukani uko kushoto, na mkono wangu ulikuwa ukitafuta gia mlangoni. Halafu robot, yaani taa za barabarani, hawazipendi sana. Kila njia panda ya vijijini wameweka mzunguko, na ukiingia kwenye mzunguko bila kujua unatokea wapi, utakaa humo mpaka ujue.

"Baba Neema, tokea pale!" Mama Neema alikuwa ameshika simu yenye ramani.

"Pale wapi?"

"Pale tumepita!"

"Si useme kabla hatujapita?"

"Zunguka tena tu. Kuzunguka haiko na faini."

Tulizunguka mpaka mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua pale katikati akaanza kutupungia mkono kila tukipita.

Mpango ulikuwa wangu, na ulikuwa mzuri. Tungeshuka polepole mpaka mto Loire, tukakunja kuelekea magharibi, tukafika baharini Alhamisi. Hapo ningevuta kiti, ninyamaze, niangalie maji mpaka Jumapili asubuhi. Kisha tungekwenda kusini, kijijini kwa Tantine Odette.

Huyu Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa chao, ndiye aliyemlea mke wangu kule Lubumbashi baada ya mama yake kufariki. Alihamia Ufaransa Mama Neema akiwa bado binti, na tangu hapo wamekuwa watu wa simu tu. Sasa magoti yamemchosha. Binti yake, Clarisse, alikuwa amepanga kumchukua Jumatatu, akakae naye Toulouse, na nyumba ya kijijini iuzwe. Kabla hatujaondoka Durban, Tantine alipiga simu, nikamsikia kwenye spika:

"Mukuje dimanche, tukule dîner. Itakuwa ya mwisho mu jikoni yangu."

Dimanche ni Jumapili. Hilo neno dîner, linasomwa "dine", mlishike vizuri. Mama Neema alinieleza kwamba maana yake ni chakula cha saa sita mchana. Kwao Congo ndivyo walivyofundishwa na ndivyo wanavyosema. Alipokata simu akasema anataka kula tu kwa mkono wa Tantine, ndani ya jiko la Tantine, hata mara moja, kabla halijafungwa. Hakuomba kitu kingine katika safari nzima. Mimi ndiye niliyekuwa na orodha ndefu.

Loire: nchi inayofungwa mchana

Sikujua kwamba vijijini Ufaransa, jua likifika utosini, kila kitu hufungwa. Duka, posta, hata fundi wa matairi anashusha mlango anakwenda kula. Ukiwa na njaa saa hiyo na huna chakula chako, utatafuna hewa.

Kwa hiyo Mama Neema alijifunza kuwahi duka la mkate. Akiingia, hatoki. Siku moja nilikaa garini roho juu, injini inanguruma, nikimtazama kupitia kioo. Mwenye duka alikuwa ameegemea kaunta, wateja wamepanga foleni mpaka nje, na hakuna aliyekasirika. Wote walikuwa wakimsikiliza mke wangu. Alirudi na mikate mirefu miwili, chupa ya jamu aliyopewa bure, na maagizo.

"Wameniuliza Kifaransa nimejifunza wapi. Nikawaambia Lubumbashi. Wameniuliza Durban iko wapi. Nikawaambia. Sasa yule mama amesema kuko fasi nzuri sana karibu na mto, lazima tulale pale."

"Lazima kwa nani?"

"Kwa yule mama."

"Na bahari yangu?"

"Bahari itakimbia iende wapi?"

Nikanuna. Nilikula mkate mzima nikiwa nimenuna, na jamu nikapaka mara mbili. Jioni tulikaa kando ya mto, ndege wakubwa weupe wamesimama majini kwa mguu mmoja, Mama Neema anafua soksi zangu na kuimba. Sikutaka kukubali, lakini nilikuwa na raha ya ajabu. Alhamisi ikawa Ijumaa.

Mazutu

Ijumaa ilinyesha. Mvua ya kule ni nyembamba na baridi, inaingia mpaka kwenye mkono wa koti. Nilikuwa nimedharau mshale wa mafuta, kwa sababu mwanaume hasimami kila mara kuuliza, na kufika alasiri taa ya njano ikawaka. Tukaingia kijiji kisicho na mtu barabarani. Mwisho wa kijiji tukamwona mzee mkulima, kofia kichwani, anafunga lango la ng'ombe.

Mama Neema alishusha kioo, akamsalimu kwa heshima zote, akamwomba atuelekeze wapi tunaweza kupata mazutu. Kwao Congo dizeli ni mazutu, na neno lenyewe ni la Kifaransa. Tatizo lingetoka wapi?

Mzee alilitazama gari letu, mapazia yake na bomba lake la moshi. Akatutazama na sisi, tulivyojikunyata, midomo imepauka. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaingia ndani.

"Amekwenda wapi?" nikauliza.

"Nafikiri iko nayo ndani."

Alirudi na blanketi zito la sufu. Nyuma yake alikuja mkewe, mwanamke mfupi mwenye aproni, amekumbatia chupa ya mpira iliyojaa maji ya moto. Wakatupitishia dirishani, blanketi kwangu, chupa kwa Mama Neema. Mimi nilishukuru, kwa sababu kwa kweli nilikuwa na baridi.

Ilichukua muda mambo kueleweka. Kule kwao mazutu ni mafuta ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Yale ya gari yana jina lingine. Mzee alikuwa ameona nyumba yenye magurudumu, ndani yake wageni wawili wanatetemeka, wanaomba mafuta ya kuwasha joto. Walipoelewa walicheka, sisi tukacheka, na wakakataa kurudishiwa blanketi na chupa.

Mzee aliitwa Lucien na mkewe Yvette. Walisema pampu iko mji wa pili na mvua haijaisha, kwa hiyo tulale uani kwao, asubuhi Lucien atatuongoza. Nikahesabu kichwani: asubuhi mafuta, mchana bahari. Bado ilikuwa sawa. Ndipo Yvette akasema kitu, na nikaona uso wa mke wangu unang'aa.

"Anasema kesho tukule nao. Dîner."

Dîner ya kwanza

Asubuhi tulifuata mafuta, tukarudi. Mama Neema alivaa kitenge chake cha njano na kilemba, mimi nikavaa shati jeupe nililokuwa nimelitunza kwa ajili ya Tantine. Tukachukua paketi ya majani ya chai tuliyotoka nayo Durban iwe zawadi. Saa sita kamili tukagonga mlango.

Yvette alifungua akiwa na rola kichwani. Nyuma yetu Lucien alitokea zizini, mabuti yamejaa mavi ya ng'ombe, koleo mkononi. Tukatazamana. Jikoni hakukuwa na harufu ya chakula chochote.

"Baba Neema," Mama Neema alininong'oneza, "kuko kitu haiko sawa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu akaanza kueleza kwa Kifaransa, mikono inakwenda huku na huku, na katikati ya maelezo Yvette akashika fremu ya mlango akacheka mpaka rola moja ikadondoka. Alisema hata bibi yake mzaa mama aliita chakula cha mchana dîner. Siku hizi ni chakula cha usiku. Walikuwa wametualika usiku.

Tulitaka kuondoka, wakakataa kabisa. Tukakalishwa jikoni, tukala mayai na mkate, na jibini moja yenye harufu ya buti la mlinzi wa zamu. Niliiweka mdomoni kwa adabu, nikafumba macho. Ilikuwa tamu kupita maelezo. Nikaomba tena, na Lucien akanipiga bega kama vile nimefaulu mtihani.

Mchana ule ulikwenda wenyewe. Mama Neema hawezi kuona kichwa cha mtu kikaachwa nusunusu. Saluni yake ya hapa Durban imemwingia kwenye damu. Alimkalisha Yvette dirishani, akatoa rola, akachana, akapuliza, akapandisha nywele juu. Uani, Lucien alikuwa akihangaika kurudisha trela la nyasi ghalani kwa trekta, anaingiza upande, anatoka, anaingiza upande. Nilivumilia nikashindwa. Nikamwonyesha kwa mikono aniachie. Kurudisha trela nyuma ndiyo kazi yangu ya kila siku bandarini, na trela haliulizi wewe unajua Kifaransa au hujui. Niliingiza mara moja, nikazima injini, nikashuka. Yvette alitoka nje kutazama, na Lucien alipomwona na zile nywele akavua kofia. Hiyo ndiyo picha niliyopiga.

Jumamosi ikawa imekwisha, na bahari sijaiona.

Usiku ule, wakati wa kula, supu ikiwa mezani, Mama Neema aliweka kijiko chini ghafla.

"Tantine," akasema. "Yeye anasema dîner gani?"

Lucien alisema mtu aliyeishi Ufaransa miaka yote hiyo anasema kama Wafaransa, kwa hiyo ni usiku. Yvette akasema maneno ya chakula mtu hayabadilishi, kwa hiyo ni mchana. Wakaanza kubishana wenyewe. Tulijaribu kupiga simu, lakini ya Tantine ilikuwa ya waya na walishaikata kwa sababu ya kuhama. Ya Clarisse iliita mpaka ikakatika.

Kama ni usiku, tungeondoka alfajiri, tufike baharini, nikunje suruali yangu, na jioni tuwe kwa Tantine bila haraka. Kama ni mchana, na sisi tumekwenda baharini, mzee wa magoti mabovu angekaa peke yake mbele ya sahani zetu mpaka chakula kipoe.

Mzunguko

Asubuhi Yvette alitukumbatia, na Lucien akanifungia kipande cha ile jibini kwenye gazeti. Tulipofika barabara kubwa, Mama Neema akasema bila kuniangalia:

"Twende bahari. Umengoja sana. Dîner yao ni ya usiku, Lucien amesema."

Alikuwa ameshavaa kitenge cha njano. Mkoba wenye zawadi ya Tantine alikuwa ameupakata mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Mbele ikaja njia panda, na bila shaka ilikuwa mzunguko. Kibao cha kulia kilionyesha baharini. Cha kushoto kilionyesha kusini. Niliingia nikazunguka mara moja, nikapita vibao vyote viwili. Nikazunguka tena. Niliitaka ile bahari, sitawadanganya. Nilikuwa nimeiota tangu Durban. Lakini nilipoyatazama yale mapaja na ule mkoba, nikajua kwamba maji yale ningeyaona kwa macho tu, roho haipo. Nikapiga moyo konde, nikatokea kusini.

"Baba Neema, umekosea njia."

"Sijakosea."

Aligeukia dirishani. Nilisikia anavuta kamasi. Baada ya muda akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaitazama saa.

"Basi kama tunakwenda, twende! Mbona unaendesha kama umebeba mayai?"

Raha iliyonijaa pale, wallahi siwezi kuieleza. Tulikwenda tukiimba.

Dîner ya Tantine

Kijiji cha mwisho kabla ya kwa Tantine kilikuwa kimefunga barabara kwa mnada wa vitu vya zamani. Bwana mmoja aliyeuza viti alikuwa ameitandaza biashara yake katikati ya lami. Mama Neema aliteremka, sikusikia alimwambia nini, lakini watu watano waliacha vikombe vyao vya kahawa wakaanza kuhamisha viti ili nyumba yetu ipite. Nilipita nikiwa nimebana pumzi, huku wanatupigia makofi.

Saa sita ilikuwa imeshapita tulipoliona lango. Pembeni yake alikaa mwanamke mnene, mwenye mvi, kanga kiunoni juu ya sketi ya sufu. Hakuinuka. Alinyoosha mikono tu, na mke wangu alishuka garini bila viatu, akakimbia, akapiga magoti kwenye kokoto, akaweka kichwa pale mapajani. Mimi nilijifanya nakagua tairi.

Halafu Tantine akanitazama juu ya kichwa cha mke wangu.

"Mukwe, karibu. Mumekuja na dîner ya wapi, ya kwetu ao ya hapa?"

"Ya kwenu, Tantine. Lakini tumechelewa."

"Eh! Tangu jana najiuliza. Minasema, hawa watoto wamepita mu vijiji vya wazungu, pengine wamefundishwa. Watakuja saa sita? Watakuja mangaribi? Simu wamekata. Basi nimepika mara mbili."

Alikuwa amepika mara mbili, na magoti yale. Ndani, nyumba nzima ilikuwa maboksi. Jikoni kulikuwa na sufuria mbili, sahani tatu na mwiko. Sufuria ya kwanza ilikuwa na lengalenga, mchicha wa kwao, kutoka bustani yake mwenyewe, kapanda kwenye udongo wa Ufaransa, pamoja na samaki. Ya pili, ya usiku, ilikuwa ya maharage na nyama, iko pembeni kwenye moto mdogo. Akasonga ugali, ambao wao wanauita bukari, ameketi kwenye kiti kirefu, Mama Neema ameshika sufuria isitikisike. Kisha akamega tonge la kwanza, akalichovya, akamlisha mke wangu mdomoni kama mtoto. Huyo mke wangu mnayemjua, anayewaamrisha wateja wake waweke miadi kabla hawajaja, alitafuna machozi yakimtiririka, na alikuwa anacheka.

"Mu soko nilisema Kifaransa yao," Tantine akasema. "Jikoni nilibakia na yetu."

Hatujamaliza kunawa, gari likapiga honi nje. Alikuwa Clarisse. Alikuwa amebadilishiwa zamu kazini, kwa hiyo amekuja leo badala ya kesho, na lazima waondoke kabla jua halijazama. Mama Neema na mimi tuliangaliana. Hakuna aliyeitaja bahari, lakini sote tulielewa: kama tungekwenda huko, tungefika jioni tukakuta lango limefungwa.

Maboksi yakaingia kwenye kile kigari cha Clarisse mpaka kiti cha mbele, mpaka kwenye miguu. Alipomaliza, hapakuwa na pa kumweka mama yake. Akashika kichwa. Tantine, mkono kwenye fimbo, alikuwa akilitazama gari letu.

"Ile nyumba yenu iko na jiko?"

"Iko, Tantine," Mama Neema akajibu.

"Na meza?"

"Iko."

"Basi leta ile sufuria. Dîner ya pili tutakula mule."

Kwa hiyo mpango ukabadilika tena, na safari hii hakuna aliyeniuliza, na sikununa. Tantine aligeuka mara moja kuutazama mlango wa jiko lake, akamwambia Clarisse afunge, akapanda. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nusu ya njia tulisimama kando ya mto, Clarisse akatukuta hapo, tukakunjua meza, tukala maharage na nyama na ile jibini ya Lucien, ambayo Tantine aliinusa akasema harufu hiyo anaijua, ni ya rafiki. Kisha nikamfikisha Toulouse, mpaka mlangoni. Toulouse haina bahari. Nilimuuliza Clarisse mara mbili.

Queensburgh

Sasa mmejua. Juma, picha yako ya Atlantiki haipo, na blanketi la Lucien ndilo unalojifunikia kila ukija kuangalia mpira hapa, kwa hiyo usilalamike.

Mwiko wa Tantine uko jikoni kwetu. Alimpa Mama Neema pale Toulouse, akasema jiko la Clarisse ni la umeme na la vioo, mwiko ule utaonewa. Alitoka nao Lubumbashi. Upande mmoja umelika kwa kusonga.

Jumapili nyote mje dîner. Msinipigie simu kuuliza ni ya mchana au ya usiku. Mama Neema anapika mara mbili.